Nyayo za Chapuchapu

Fundi Nondo alipata jina lake kwa haki. Huyu ni mtu aliyeweka nondo kwenye msingi wa banda la kuku, na jirani alipomuuliza kama kuku wake wana mpango wa kuongeza ghorofa, akajibu kwamba kuku hawana haraka, ila siku wakiamua watakuta msingi uko tayari. Mkewe naye alikuwa na lake: "Huyu mwanamume, ukimwachia sufuria ya uji, utatafuna chuma."

Kwa hiyo wakulima wa umwagiliaji walipotaka mtu wa kuwajengea banio, hawakuzunguka sana. Banio ni ukuta unaokatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo. Maji yakifika hapo yanapanda kidogo, yanaingia kwenye mfereji, na mfereji unayapeleka mashambani. Mchoro ulitoka kwa wakubwa, saruji ikaletwa kwa lori, na jasho likatoka kwa Fundi Nondo. Alikataa katakata zege lilale. Zege la jana likilala na la leo likamwagwa juu yake, panabaki mshono, na maji hupenda mshono kama panya apendavyo gunia. Wakamwaga mfululizo, kwa zamu, hadi vijana wakawa wanasinzia wamesimama na sepetu mkononi. Banio likatoka kipande kimoja, kama jino.

Zege likiwa bado bichi, akapita juu yake binti yake wa pekee. Mtoto huyo hakuwahi kujifunza kutembea. Alitoka kwenye kutambaa akaingia moja kwa moja kwenye kukimbia, ndiyo maana wakamwita Chapuchapu. Siku hiyo alikuwa amebeba kopo la maji ya kunywa ya baba yake. Akafika katikati, akahisi miguu inazama, akasimama, akajitazama, akaangua kicheko.

"Fundi, sawazisha hapo kabla halijakaza!" vijana wakapiga kelele.

Fundi Nondo akachukua mwiko, akainama. Nyayo mbili, vidole kumi, hakuna kilichokosekana. Akarudisha mwiko kwenye ndoo.

"Mhuri huo," akasema. "Kazi isiyo na mhuri ni ya wizi."

Miaka ya mwanzo banio lilisifiwa kama bi harusi. Vitunguu vilinenepa, nyanya zikaoza mashambani kwa wingi wake. Lakini mto una akili zake. Uliposhuka ulishuka na mchanga. Mchanga ukafika ukutani, ukaketi. Mwaka baada ya mwaka sakafu ya mto ikapanda, mpaka maji yakawa yanapita karibu sawa na vizingiti vya nyumba za bondeni. Na kambare waliokuwa wakipanda mto kwenda kutaga walifika chini ya ukuta, wakagonga vichwa, wakarudi. Wavuvi wakabaki kuonyesha kwa mikono ukubwa wa samaki wa zamani, na kila mwaka mikono ikatanuka zaidi, maana samaki asiyekuwepo haachi kunenepa.

Kisha ikaja ile mvua. Maji yalishuka alfajiri, yakakuta mto hauna kina, yakakuta ukuta, yakageukia bondeni, na nyumba ya kwanza bondeni ilikuwa ya Fundi Nondo. Yeye alikuwa ameshapanda kwenye paa, anamvuta mkewe. Mkewe alikuwa amemshika Chapuchapu mkono. Halafu hakuwa amemshika.

Walimpata maji yalipopungua, wakamzika. Nyumba ilikuwa imekwenda na vyote: nguo zake, viatu vyake, na ile picha moja iliyokuwa imetundikwa sebuleni. Mtoto akawa kama hakupata kuzaliwa, isipokuwa zile nyayo mbili juu ya banio. Banio lenyewe halikupata hata ufa. Fundi alikuwa amelijenga vizuri.

Wakahamia vyumba viwili vya kupanga juu mlimani, mbali na maji. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Fundi Nondo alishuka mtoni, akapandisha suruali magotini, akatembea juu ya banio hadi katikati. Kiangazi nyayo zilikuwa kavu. Masika maji membamba yalipita juu yake, naye akazitafuta kwa vidole. Akaweka kiganja kwenye unyayo wa kushoto, kikajaa. Akaondoka. Watu walizoea, hata ng'ombe walizoea.

Mkewe hakukanyaga tena mtoni. Aliligusia jambo hilo mara moja tu, akiwa anachambua mchele, bila kuinua uso: "Mwanangu ameacha miguu yake kwenye kitu kilichomuua, na wewe kila siku unakwenda kukiamkia." Tangu siku hiyo aliacha kumwita Baba Chapuchapu. Akawa anamwita Fundi, kama wateja.

*

Habari ya kuvunja banio aliileta shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wakulima wa umwagiliaji. Mwenyekiti huyo alikuwa bado anaishi bondeni na watoto wengi kiasi kwamba jioni akiwaita kula, alikuwa anaita "Nyie!" tu, wanakuja wake na wa jirani.

"Shemeji," alisema, akiwa amekaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuposa, "mto unarudishwa ulivyokuwa."

"Nani anaurudisha? Aliuchukua nani?"

"Wewe tena! Si uliupelekea ukuta?" Akacheka peke yake, akaacha. "Sikiliza. Mlango wa mfereji unahamishiwa kule juu kwenye mwamba, maji yataingia yenyewe bila kuzuiwa. Ile kona ya zamani inachimbuliwa, mafuriko yapate pa kupumzikia. Na hapa pa banio panawekwa mawe ya mteremko, ngazi kwa ngazi, samaki wapande. Mhandisi ametueleza vizuri, tumemwelewa hata sisi tuliokimbia shule. Banio linaondoka lote."

Fundi Nondo alikuwa anakata kucha kwa wembe. Hakuacha kukata.

"Na mashine itapita wapi?"

Hapo ndipo mwenyekiti alipoanza kutazama dari. Njia pekee ya kufika mtoni kwa kijiko, ile mashine ya kuchimbia, ilikuwa kwenye kiwanja cha bondeni ambapo nyumba ya Fundi Nondo ilisimama zamani. Mahame yale yalikuwa bado yake.

"Watapita," Fundi Nondo alisema. "Ila kile kipande chenye nyayo nakitoa mimi mwenyewe. Kizima. Mashine isiguse banio kabla sijakitoa."

Katika chumba cha pili, mkewe aliyekuwa anapiga pasi alisimamisha pasi, kitambaa kikaanza kunuka kuungua.

*

Wakati wa kiangazi walihamisha maji upande mmoja kwa viroba vya mchanga, mto ukapita kwenye upenyo mwembamba pembeni, na banio likabaki kavu. Fundi Nondo akaja na tindo, nyundo, na msumeno wa umeme wa kukatia zege alioazima. Juani kwenye ukingo akakaa dereva wa kijiko, mtu mnene mcheshi aliyeitwa Taratibu. Alipewa jina hilo kwa sababu alikuwa amevunja kila alichotakiwa kukipita: mageti, nguzo za umeme, na mara moja ukuta wa shule, watoto wakamshangilia.

"Chonga, mzee, chonga," alikuwa akipiga kelele kutoka kwenye kiti chake. "Ukimaliza utakuta nimezaa hapahapa, nimelea, nimeoza."

"Wewe ukizaa kwenye hiyo mashine utamvunja mtoto kabla hajalia."

"Basi niitie mkunga mwenye kofia ngumu!"

Walitaniana hivyo siku za kwanza. Fundi Nondo alikata mstari kuzunguka nyayo, kama mtu anayekata kipande cha sabuni. Alitaka kushuka kina cha mkono, kisha apige tindo kwa chini, kipande kinyanyuke. Mpango mzuri. Lakini msumeno ulizama kidogo tu, ukalia mlio mwingine, ukatoa cheche. Akasogea pembeni, ukalia tena. Kona zote nne, chuma.

Akaketi juu ya banio, msumeno mapajani.

Alikuwa amesahau. Au tuseme alikuwa ameliweka jambo hilo mahali ambapo mtu huweka vitu asivitazame. Siku ile ya zege bichi, vijana walipokwenda kunawa, yeye alibaki na mtoto wake. Chapuchapu akamuuliza, "Baba, miguu yangu itakaa hapa mpaka lini?" Naye akamjibu, "Mpaka mto uchoke." Kisha, kwa kuwa ni yeye, akachukua nondo nne ndefu, nene kuliko zote, akazichomeka kwenye zege bichi, moja kila kona ya nyayo, akazigonga kwa nyundo mpaka zikazama zote, zikapita zege, zikaingia kwenye kokoto za chini. Akafunika vichwa vyake kwa mwiko. Chapuchapu alishika taa ya betri ingawa kulikuwa na jua, akisema anasaidia.

Mafundi wengine wote wangeacha pale pafutike penyewe. Yeye alikuwa amepapigilia misumari.

Mhandisi, binti mwenye viatu vikubwa vya mpira na sauti ndogo, alikuja akachuchumaa karibu yake.

"Baba, tungekiacha kama ningeweza. Nimechora mara nyingi. Kikibaki hapo katikati, maji yatakipiga yageuke, na yakigeuka yanakwenda kulekule bondeni."

"Najua, mwanangu. Maji nimefanya nayo kazi kabla hujaota meno."

"Hatuwezi kupiga picha?"

"Shemeji amepiga kwa simu. Yanaonekana mashimo mawili. Hata mbwa angeyaweka."

Hakumwambia kuhusu udongo. Asubuhi moja alikuja na donge la udongo wa mfinyanzi, akalishindilia kwenye nyayo, akasubiri likaze, akalibandua. Alichokitoa hakikuwa nyayo, ilikuwa miguu. Miguu miwili ya udongo, vidole juu, baridi. Miguu kama ile aliyoifunika mwenyewe siku ya maziko. Akaitupa mtoni haraka, akaosha mikono, akaiosha tena.

Basi akaendelea kuchonga kwa tindo, kuzitafuta nondo chini. Viganja vikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka. Taratibu aliacha kutania. Siku moja alishuka kwenye kiti chake, akamshikia tindo wakati mzee anapiga nyundo, na kwa mtu kama Taratibu, kumpa mkono wake mtu anayetetemeka na nyundo ni upendo mkubwa.

*

Mvua haikuja kwao. Ilikwenda milimani, mahali ambapo mtu wa bondeni huiona tu kama weusi kwa mbali na kusema, "Wenzetu wamepata." Mchana ule Fundi Nondo alikuwa amefika kwenye nondo ya tatu. Maji katika ule upenyo wa pembeni yakabadilika rangi, yakawa ya chai ya maziwa. Kisha vikaanza kupita vijiti. Kisha povu.

Mhandisi alitazama povu, akatazama viroba, akakimbia kwa viatu vyake vikubwa.

"Baba! Upenyo hautoshi. Lazima tufungue banio sasa. Yakifika viroba yanageukia nyumba!"

"Imebaki moja na nusu."

"Baba."

"Nimesema imebaki moja na nusu!"

Alipiga nyundo. Kule bondeni mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuita "Nyie! Nyie!" na sauti yake haikuwa ya kuita watu kula. Taratibu aliwasha mashine, moshi ukapanda, lakini hakusogea. Alikuwa amepewa sharti, na mtu aliyevunja vyote maishani mwake alikataa kulivunja hilo.

Ndipo Fundi Nondo akamwona mkewe. Alikuwa anateremka kupitia mahame, pale ulipokuwa mlango wao, kanga amejifunga kiunoni, hana viatu. Alifika ukingoni, akasimama kama mtu aliyefika kwa watu asiosalimiana nao. Akapanda juu ya banio. Alitembea kwa kusitasita, kwa sababu hakuwa amelikanyaga hata wakati likiwa jipya.

Fundi Nondo aliacha kupiga. Mkewe akapiga magoti kwenye vumbi la zege, akapuliza unyayo wa kushoto, akaweka mkono wake ndani. Ulikuwa mkono uleule uliomshika mtoto siku ya mafuriko.

"Ni midogo hivi?" akauliza.

"Midogo hivyo."

"Mimi nilikuwa namkuza." Akavipapasa vidole kimoja kimoja, kama anavyofanya mama anapokausha mtoto baada ya kumwogesha. "Kila mwaka nikimwota nilikuwa nampa viatu vikubwa zaidi. Saa hizi angekuwa ananipita kimo. Kumbe hapa alikuwa amebaki hivi hivi, na mimi sikuja."

Maji yalianza kulamba viroba vya juu. Kiroba kimoja kikaegemea kingine kama mlevi.

"Imebaki moja na nusu," Fundi Nondo akasema, taratibu sasa, kama anaomba. "Nikipata nafasi kidogo tu. Nitakibeba mgongoni mpaka nyumbani. Tutakiweka uani."

Mkewe akainua uso. Machozi yalikuwa yamechora njia kwenye vumbi, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Baba Chapuchapu," akasema.

Hakuwa ameitwa hivyo kwa miaka. Nyundo ilimponyoka.

"Nimepita kule chini. Mke wa kaka ana kitoto mgongoni na kingine amekishika mkono. Baba Chapuchapu, amekishika mkono."

Fundi Nondo alimtazama mkewe, akatazama kiganja chake kilichochubuka, akakiweka mara moja kwenye unyayo wa kushoto, kikajaa. Kisha akasimama, magoti yakalia, akageuka kwa Taratibu, akainua mkono.

"Vunja!"

"Na hapo je?" Taratibu akapaza sauti juu ya mngurumo wa mashine.

"Anzia hapo!"

Akamshika mkewe, wakashuka. Taratibu akasogeza kijiko, na kwa mara ya kwanza tangu apewe lile jina, akalistahili. Aliyateremsha meno ya chuma polepole, akayaingiza kwenye mstari uliokatwa, akajaribu kukinyanyua kile kipande kizima kama mtu anayenyanyua yai kwa kijiko cha chai. Kikapanda kidogo. Nondo ya nne, na ile nusu ya tatu, zikakivuta. Fundi Nondo alizisikia. Kikapasuka katikati, kati ya unyayo na unyayo, kikaingia majini vipande viwili, kila kimoja na mguu wake. Mto ukapita juu yake kwa haraka, bila hata kutazama.

Banio likafunguka. Maji yaliyokuwa yamejikusanya yakapata njia, yakanguruma, yakashuka. Kwenye viroba yakapungua kidole, kisha kiganja. Bondeni hayakufika hata kwenye mabaraza. Mwenyekiti alikuja mbio, amelowa jasho, akafungua mdomo aseme utani wake, akamwona dada yake, akaufunga.

*

Mvua zilipokwisha, mawe yakapangwa ngazi kwa ngazi, na vile vipande vya banio vikashindiliwa chini kabisa, kwenye dimbwi la kwanza, kushika mawe ya juu yasiteleze. Mfereji unapata maji kutoka kwenye mwamba. Kambare wamerudi, wavuvi wanalalamika kwamba ni wadogo kuliko wale wa kwenye mikono yao. Watoto wa mwenyekiti wanakwenda kuwatazama wakipanda, na husema wengi wao hupumzika kwanza kule chini, kwenye giza la lile dimbwi la kwanza, kabla ya kuruka.

Mama Chapuchapu ndiye anayekwenda sasa, kila asubuhi, anakaa kidogo kwenye jiwe. Fundi Nondo haendi. Akiamka, miguu yake humpeleka hadi mlangoni, kisha hukumbuka, hurudi kufunga kamba za viatu ambazo zimeshafungwa. Nyumbani mkewe akimwita kwa jina la zamani, huchelewa kuitika, kama mtu anayetafuta kama aliyeitwa yupo.

Juzi alikuwa anamalizia ngazi za nyumba moja huko mtaani. Zege bichi, amelisawazisha likang'aa. Mtoto wa mwenye nyumba akatoka ndani mbio, akakanyaga ngazi ya chini, akasimama, akajitazama miguu.

"Wewe!" mama yake akamaka kutoka dirishani. "Fundi, samahani jamani, sawazisha hapo kabla halijakaza!"

Fundi Nondo akapiga magoti. Alikaa pale muda mrefu, mpaka mama wa mtoto akatoka nje kuangalia kuna nini. Zege lilikuwa linaanza kukamata pembeni. Mfukoni, nguo ya kazi ilikuwa imelemewa na vipande vya nondo vilivyobaki.

Akachukua mwiko, akavuta zege toka kushoto kwenda kulia, mara moja, mara mbili. Vidole vikafutika, kisigino kikafutika.

"Mwoshe miguu umkaushe, mama," akasema bila kuinua uso. "Huyu atapita tena kesho."